Uzi maalumu: Ski na uvuvi siku moja pamoja na watoto, pwani ya Troms (Norwei)

Nungwi70N (mwanzisha uzi)

Wadau wa kaskazini, salaam. Kila Februari inapogeukia Machi na jua limesharudi, swali ni lile lile: familia inaweza kuteleza kwa ski na kuvua samaki siku hiyo hiyo bila watoto kurudi nyumbani wanalia? Inaweza. Kosa linalorudiwa na wengi ni la mpangilio, wala si la vifaa.

Ski hukutoa jasho, uvuvi hukusimamisha. Hapo ndipo penye shida yote. Mtu aliyelowa jasho akisimama nusu saa kwenye nyuzi -8, fulana yake inageuka kuwa kitambaa cha maji baridi mgongoni. Mtu mzima atavumilia. Mtoto wa miaka sita hatasema "nimelowa", atasema "nataka kwenda nyumbani", na safari imekwisha.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Ski kwanza, kilomita 2 hadi 3 tu kwa watoto wa miaka 5 hadi 8, tena mwendo wa pole usiotoa jasho jingi. Mkifika mahali pa kuvulia, kabla hujagusa fimbo wala kekee ya barafu, kila mtoto avuliwe koti kwa dakika moja na abadilishwe fulana ya ndani. Fulana kavu ikae ndani ya mfuko wa plastiki katikati ya begi, si juu, ili isiwe baridi kama barafu. Halafu kofia kavu. Halafu kitu cha moto cha kunywa. Ndipo uvuvi uanze, na usizidi dakika 45 kabla ya kuwasimamisha wakimbie kidogo.

Wanaoanza kwa kuvua na kumalizia kwa ski wanakuta vidole vimeshakufa ganzi, na mtoto hawezi tena kushika fimbo za ski.

Haki ya kutembea maeneo yasiyolimwa mnayo kwa sheria ya mwaka 1957, hata kama ardhi ni ya mtu. Kuvua baharini kwa fimbo au mshipi wa mkono ni bure. Kwa hiyo gharama kubwa ni nguo na vifaa, na vifaa vya ski vinakopeshwa bure kwenye vituo vya BUA vilivyopo katika manispaa nyingi. Wahi mapema wiki hiyo. Viatu vya namba za watoto ndivyo vinavyoisha kwanza.

Karibuni tuongeze na kusahihishana.

---

MamaWawili

Asante kaka Nungwi. Naongeza upande wa mavazi, maana hapo wageni wengi kutoka kwetu huumia bila sababu.

Pamba iacheni nyumbani. Soksi za pamba, fulana za pamba, suruali za kubana za pamba, zote zinanyonya jasho na haziliachii. Ndani kabisa iwe sufu nyembamba, juu yake sufu nene au flisi, juu kabisa kitu cha kuzuia upepo. Soksi ni jozi moja tu ya sufu. Ukimvalisha mtoto jozi mbili kiatu kinabana, damu haipiti, na miguu inakuwa baridi zaidi kuliko angevaa moja. Kidole gumba kiweze kucheza ndani ya kiatu.

Kwa dada zetu wanaovaa hijabu: ya pamba ikilowa pumzi na jasho inaganda chini ya kidevu na kukwaruza ngozi. Kuna soksi ya shingo ya sufu laini, ndefu, unaivuta hadi kichwani kama barakoa ya kofia, inafunika kila panapotakiwa na inakauka haraka. Chukueni mbili. Misuko mikubwa nayo inazuia kofia kushuka masikioni. Kwa mtoto, nywele zisukwe chini chini kuelekea kisogoni.

Jambo la ngozi nalisema kwa mkazo. Watu hapa hufundishwa kutazama mashavu ya mtoto kama yamekuwa mekundu, kisha meupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Dalili ya kutafuta ni doa la kijivu, kama majivu au vumbi la unga, mara nyingi puani, kwenye ncha ya sikio au juu ya shavu, na ukigusa ni gumu kidogo na mtoto hahisi. Hapo weka kiganja chako chenye joto juu yake mpaka rangi irudi. Usisugue, na kamwe usipake theluji. Mafuta ya uso yawe ya mafuta hasa, yasiwe losheni yenye maji mengi.

Upepo uhesabuni. Nyuzi -10 na upepo wa mita 10 kwa sekunde, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama vile ni -20.

Na aliye ndani ya pulka, kile kisledi cha kuvutwa, hajitikisi. Wewe unayevuta unatoka jasho ukadhani kuna joto, kumbe yeye amelala kama mzigo. Ngozi ya kondoo chini, mfuko wa kulalia juu, na kila dakika 15 ingiza mkono shingoni kwake nyuma. Shingo ikiwa ya baridi, rudini. Usipime kwa mikono yake. Mikono ya mtoto hupoa hata mwili ukiwa na joto.

---

Baridi_Kali

Wakuu, hapo kwa ski zenyewe. Kuna za kupaka nta, kuna zenye manyoya chini, kuna zenye magamba. Kwa familia inayoanza, zipi? Na urefu?

---

Nungwi70N

Mkuu Baridi, kwa watoto chukua zenye manyoya au magamba, usiingie kwenye nta kabisa mwaka wa kwanza. Urefu: mtoto anayeanza, sawa na kimo chake au zaidi kidogo, isizidi sentimita 10. Mtu mzima wa ski za kawaida, kimo na sentimita 15 hadi 25, ila uzito ndio wa mwisho kuamua: ski ngumu kwa mtu mwepesi haigusi theluji katikati, kwa hiyo hasukumi, anateleza nyuma. Fimbo za mtoto zifike kwapani.

Za manyoya zina udhaifu mmoja: nyuzi karibu na sifuri na theluji mpya inayoanguka. Manyoya yanalowa, unakanyaga kivuli penye baridi zaidi, yanaganda na theluji inashika chini ya mguu kama udongo wa mfinyanzi. Dawa yake ni dawa ya kupulizia manyoya, unapaka nyumbani usiku uliotangulia na kuacha ikauke.

Wakubwa wanaotaka nta: bluu extra ya Swix, V40, ndiyo ya kuanzia, kwa theluji mpya kati ya -1 na -7. Pakaa sehemu ya kusukumia tu, kuanzia kisigino kwenda mbele sentimita 50 hivi, tabaka tatu nyembamba, kila moja isuguliwe kwa kipande cha kizibo hadi ing'ae. Tabaka moja nene haifanyi kazi ya matatu, inakusanya theluji. Ukiona unateleza nyuma kwenye kilima, ongeza urefu wa mpako kuelekea mbele kabla hujabadilisha nta. Theluji ikiwa ya zamani iliyoyeyuka na kuganda tena, nta hiyo inakwisha kilomita ya kwanza. Hapo ni nta ya majimaji, na kwa heshima ya nguo zenu, waachieni wazoefu.

Kupanda kilima, mfundisheni mtoto kutanua ncha za mbele, visigino vikutane nyuma. Wenyeji wanaita mfupa wa samaki, na ukitazama alama zilizobaki kwenye theluji ni mfupa wa samaki kweli. Watoto wanalishika jina hilo mara moja.

---

Migebuka

Salamu kwenu ndugu. Mimi niseme ya barafu. Wengi wetu tuliotoka Kigoma, Uvira na Baraka tunajua kuvua, maji ya ziwa hatuyaogopi. Barafu ni jambo jingine, tujifunze upya.

Pwani hii bahari haigandi, mkondo wa joto unatoka Atlantiki. Lakini ndani kabisa ya fiodi chache (ghuba nyembamba ndefu kati ya milima), pale mito inapomwaga maji baridi yasiyo na chumvi na mdomo wa fiodi ni mwembamba, inaganda. Ramfjord, kando ya barabara ya E8 kusini-mashariki ya Tromsø, ndiyo inayojulikana zaidi. Watu wanakwenda na ski kutoka ufukweni, wanatoboa, wanavua torsk. (Kamusi humwita torsk chewa. Siye chewa wa Pwani, usitafute anayefanana.)

Kanuni ya Norwei kwa barafu ya ziwani ni sentimita 10 za barafu ngumu, ile nyeusi inayoonekana kama kioo. Barafu nyeupe yenye theluji ndani nguvu yake ni kama nusu. Barafu ya chumvi ni laini zaidi, ina mishipa ya maji ya chumvi ndani yake, haivunjiki kwa kelele kama ya ziwa, inapinda halafu inaachia. Hapo tusianze chini ya 15, na pamoja na watoto afadhali zaidi. Unene upime kwa kutoboa, mtu mzima mmoja mbele, tundu moja kila hatua 20 au 30. Usiamini alama za ski za watu wa jana.

Mahali pa kuogopa ni pale ukingoni. Bahari inajaa na kupwa, barafu inapanda na kushuka nayo, kwa hiyo kandokando ya ufukwe kuna ufa wa kudumu. Bamvua likija, maji yanatoka juu ya ufa na kujificha chini ya theluji. Unaona theluji nyeupe safi, unakanyaga, ni tope la maji hadi kifundoni. Vukeni maji yakiwa yamesimama, mapande yamebanana, mmoja mmoja, mtu mzima kwanza, mtoto pili, si wawili kwenye pande moja. Ski zikilowa hapo zikaguse theluji kavu, zinaganda papo hapo. Kwangua chini yake kwa kikwangulio cha plastiki kabla hujaendelea.

Ogopeni pia midomo ya mito, chini ya madaraja, na penye mwembamba wowote maji yanapokimbia.

Kabla ya kuingia: misumari ya barafu shingoni kwa kila mtu, watoto pia. Mikanda ya fimbo za ski itoke mikononi. Mkanda wa begi kiunoni ufunguliwe. Kamba ya mita 15 kwa mtu wa pili, siyo wa kwanza. Mtu akitumbukia, ageukie alikotoka, maana huko barafu ilimbeba. Apige miguu kama anaogelea, achome misumari, ajivute kwa tumbo, kisha abingirike. Asisimame.

---

Mshipi_na_Chubwi

Ndugu Migebuka umeeleza vizuri sana, lakini nitapinga wazo lenyewe. Familia ya kwanza kwanza isiende kwenye barafu ya bahari. Gati na miamba mnavyo pande zote za kisiwa cha Kvaløya, maji yako wazi mwaka mzima, kina kiko karibu na mguu. Nyote mnaotaja barafu mmetumia aya nne kueleza namna ya kutokufa.

Uvuvi wa nchi kavu ni huu. Fimbo ya mita 2.4 hadi 2.7, kwa mtoto mita 1.8. Chuma cha kung'aa (chambo bandia) cha gramu 20 hadi 40. Mshipi wa kusuka wa milimita 0.15 hadi 0.20, na mbele yake mita moja ya nailoni ya 0.50 kwa ajili ya miamba na meno. Rusha, acha kifike chini, hesabu; mshipi ukilegea kimefika. Inua fimbo kwa mkupuo mfupi, acha kishuke mshipi ukiwa haujalegea kabisa, zungusha mara mbili, rudia. Torsk hugonga kikiwa kinashuka, siyo kinapopanda. Ndiyo maana anayelegeza mshipi hahisi kitu na anasema leo hakuna samaki.

Ndoana yenye pembe tatu kwa watoto ibadilishwe iwe ndoana moja. Inanasa mwani kidogo, inatoka haraka mdomoni, na mtoto akijichoma ni tundu moja. Chambo: kipande cha makareli au uduvi mkubwa, chubwi ya gramu 60 hadi 100, kaa chini na subiri.

Wakati mzuri ni maji yanapotembea, saa mbili za kati za kujaa au kupwa. Jaketi okozi kwa watoto hata wakiwa wamesimama gatini, na meno ya chuma chini ya viatu kwa wote. Gati la Machi lina barafu ya uwazi ambayo macho hayaioni. Miamba inayotazama bahari kuu acheni kabisa siku yenye mawimbi marefu.

---

Migebuka

Ndugu Mshipi, nakubali: mara ya kwanza gatini. Ila usiseme barafu haifai watoto, maana kwenye barafu mtoto havuti fimbo ndefu wala harushi. Anashika mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye kibao, kama vile kwetu, anainua na kushusha. Anaona samaki akitoka tunduni. Hakuna fimbo ya kumpa hamu hiyo.

Tundu la torsk liwe la milimita 150 au zaidi. La 110 ni la samaki wadogo wa ziwani. Torsk wa kilo nne kichwa hakipiti, mshipi unakatika ukingoni. Chuma cha gramu 40 hadi 100 kutegemea kina na mkondo. Kishushe hadi chini, kisha pandisha mita moja. Tundu mlilomaliza nalo chomekeni tawi la mti. La milimita 150 linameza mguu wa mtoto hadi gotini, na ndani ya usiku mmoja theluji inalifunika.

---

MamaWawili

Na miteremko? Fiodi zote hizi zina milima inayoanguka moja kwa moja hadi majini.

---

Nungwi70N

Dada, hapo umeuliza la maana. Maporomoko ya theluji huanzia kwenye mteremko wa nyuzi 30 na kuendelea, lakini hayaishii hapo. Yanaweza kwenda mbali mara mbili hadi tatu ya kimo yalichoshuka. Familia inayotembea tambarare kando ya maji chini ya mlima mkali iko ndani ya njia yake bila kupanda popote. Fungueni Varsom, tovuti ya tahadhari za maporomoko, angalieni kiwango cha siku, 1 hadi 5, kisha washeni ramani ya miteremko inayoonyesha pia eneo la mfikio, yaani hadi pale theluji inapoweza kufika. Pamoja na watoto chagueni njia isiyogusa rangi yoyote, hata kiwango kikiwa 2. Njia zenye taa kisiwani Tromsøya ni salama kwa hilo, na ramani ya mtandaoni ya Skisporet inaonyesha lini mashine ya kutengeneza njia imepita.

Moto mnaweza kuwasha Machi. Marufuku ya moto msituni na karibu na msitu huanza tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba. Dharura: 113 ya matibabu, 112 ya polisi, na 120 ya uokoaji baharini. Programu ya Hjelp 113 inaonyesha mahali ulipo.

---

Baridi_Kali

Sheria za samaki wenyewe? Saizi?

---

Mshipi_na_Chubwi

Kaskazini ya nyuzi 62, torsk angalau sentimita 44, hyse (jamaa mdogo wa torsk) 40. Kveite, yule bapa mkubwa, 84. Na akizidi mita 2 anarudishwa pia. Pima kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa mkia. Chora alama ya 44 kwenye kisanduku au kwenye fimbo, mpe mtoto kazi ya kupima, atakuwa mkali kuliko afisa yeyote. Mdogo aliye hai anarudi majini, mkono ukiwa umeloweshwa. Vizimba vya ufugaji wa samaki, msivue ndani ya mita 100. Mtoni na ziwani kuna vibali tofauti, ila watoto chini ya miaka 16 wanavua bure kwa fimbo tangu 1 Januari hadi 20 Agosti kwenye maji yasiyo na samoni na jamaa zake wanaotoka baharini.

Mkipanda boti isiyofika mita 8, jaketi okozi livaliwe na kila mtu boti ikiwa inatembea. Ni sheria.

Samaki akitoka, mpige kichwani mara moja kwa nguvu, kata mishipa ya damu chini ya matamvua, mtie kwenye ndoo ya maji ya bahari dakika 15. Asiyetolewa damu nyama yake inakuwa na mistari ya kahawia na harufu kesho yake. Kisha pasua tumbo, toa vyote. Kwenye barafu fanya haraka, na mlaze amenyooka: akiganda amepinda hutaweza kutoa minofu mpaka ayeyuke.

---

MamaWawili

Na jikoni: maji yenye chumvi nyingi yachemke, ingiza vipande vinene vya sentimita 3, toa motoni, funika dakika 7 hadi 10. Nyama ikiachana na mfupa ni tayari. Ukichemsha kwa fujo inakuwa kamba. Mayai yake yafunge kwenye karatasi ya kuokea, uyachemshe moto mdogo dakika 30 hivi.

Maini ndiyo wenyeji hula pamoja na hivyo katika mlo wa mølje, lakini sikilizeni: mamlaka ya chakula inashauri watoto, wajawazito, wanaonyonyesha na wanawake wa umri wa kuzaa wasile maini ya samaki, na yeyote asile ya samaki aliyemvua mwenyewe karibu na pwani, kwa sababu ya sumu za viwandani zinazokaa kwenye mafuta. Mafuta ya samaki ya chupa yamesafishwa, hayo endeleeni kuwapa. Kijiko cha mililita 5 kina maikrogramu 10 za vitamini D, na ngozi zetu zinaihitaji sana gizani.

Minyoo midogo iliyojikunja kwenye kuta za tumbo ni ya kawaida. Kata ukuta wa tumbo utupe, pika hadi katikati kufike nyuzi 60 na zaidi.

---

Baridi_Kali

Moja la mwisho. Pete za fimbo zinajaa barafu kila baada ya kurusha mara tano. Dawa?

---

Mshipi_na_Chubwi

Mshipi wa kusuka unanyonya maji na kuyapeleka kwenye pete. Chini ya -5 weka nailoni ya 0.35 kwenye fimbo ya mtoto. Pete zipake mafuta ya mgando kidogo kwa kidole. Zikishaganda usizipasue kwa kucha wala kisu, kauri ya ndani inapasuka na kukata mshipi mwaka mzima bila wewe kujua; zamisha fimbo baharini sekunde chache. Maji ya bahari hata yakiwa karibu na sifuri yana joto kuliko hewa, na chumvi inayeyusha iliyobaki.